Ndiyo, Madam

Jumatatu, 14 Julai 2025

Leo tena maigizo. Watu wazima, wengine na ndevu zao, wamekaa ukumbini wanajifanya watoto wa darasa la tatu. Mwenzao anafundisha nusu na robo. "Mmeelewa?" "Ndiyooo, madam!" Wataachaje kuelewa? Wamemaliza kidato cha nne! Na hivi ndivyo chuo chetu kinavyoandaa walimu. Halafu tunawatupa shuleni wiki chache, tunawapa alama, basi.

Nimempelekea Mkuu wa chuo, Mwalimu Nyangwine, mpango wangu mara nyingine. Mwanachuo aingie darasa la kweli tangu mwezi wa kwanza. Arudi chuoni tuzungumze alipokwama. Aende tena. Na neno "mmeelewa" marufuku — aseme "nionyeshe". Mkuu kacheka. Haraka haraka haina baraka, madam. Nilijua tu atasema hivyo.

Jumatano, 16 Julai

Wakufunzi wenzangu wamenipa jina: Madam Nionyeshe. Hosea kaninyooshea kikombe cha chai, eti nimwonyeshe sukari. Nimecheka nao. Nifanyeje?

Jioni mume wangu, Baba Nora, kapiga simu kutoka Songea. Kapaka rangi jikoni. Kaulizia Desemba. Nikamwambia Desemba ni Desemba, uhamisho umeshakubaliwa, narudi moja kwa moja. Kafurahi mpaka akaanza kuimba, na sauti yake ile mbovu! Nikalala na raha.

Jumapili, 20 Julai

Kanisani nimekaa na watu, nyumbani nimerudi na mimi mwenyewe. Bombani hapa Morotonga akina mama walikuwa wanaongea Kikurya, vicheko hadi barabarani. Nilipofika wakahamia Kiswahili, kwa heshima. Karibu madam, za kushinda. Halafu kimya. Hakuna ubaya wowote. Lakini niliitazama ndoo nikitamani ijae haraka niondoke.

Redioni mtangazaji kasema Jumapili njema, msikilizaji. "Na wewe pia, baba." Nimemjibu — kwa sauti! Acha niandike tu: nina upweke, na unauma.

Alhamisi, 24 Julai

Mkuu kaniita. Eti hataamini mpaka aone. Kasema tujaribu kwa mwanachuo mmoja. Boke, yule mpole, amepangiwa mazoezi shule ya msingi Kerende. Nimwandae kwa njia yangu, yeye Mkuu atakuja kushuhudia mwenyewe. Akiridhika, tunaanza na wote Januari.

Januari. Mimi Januari nitakuwa Songea. Sikulisema hilo. Na yeye hakuuliza nani atasimamia.

Ijumaa, 1 Agosti

Kerende! Vumbi hadi kwenye meno, ila nimerudi nikiwa mwepesi.

Boke kachora duara, kaligawa, kageuka. Nikaliona lile neno limemfika mdomoni. "Mme—" Akanitazama. Akalimeza. Akachukua kiazi kilichochemshwa, akampa binti wa dawati la mbele: nionyeshe nusu.

Mtoto akakimega. Kipande kikubwa, kipande kidogo. "Hiki cha baba, hiki cha mama. Nusu kwa nusu."

Mkuu akaangua kicheko. Boke hakucheka. Akainama, akamuuliza mtoto kitu kwa Kikurya, taratibu. Kisha kwa Kiswahili kwa darasa zima: wewe ukipewa hiki kidogo, utakubali? "Hapanaaa!" Kwa nini? Ndipo wakaanza kusema! Wakabishana, wakapima vipande, wakamega upya. Kwenye maigizo yetu hakuna mtu aliyewahi kukosea hivyo, kwa hiyo hakuna aliyewahi kujifunza afanye nini mtoto akikosea. Nililia nyuma ya darasa, mtu mzima mimi.

Tulikuwa garini, tunakaribia Mugumu. Mkuu akasema wanawe mwenyewe humjibu ndiyo kila siku.

Jumanne, 5 Agosti

Umekubaliwa. Mpango wangu! Kwa darasa zima la Januari, mpaka wahitimu. Miaka miwili.

Ila Mkuu kasema wazi: ukiondoka, madam, mpango unakufa. Hosea hautaki, wengine hawauwezi. Baki. Nikasema nitabaki. Hapohapo, kabla hata ya kukaa kitini. Ningejidai nilifikiri, lakini sikufikiri.

Nikampigia Baba Nora. Nikaeleza. Watoto, kiazi, Boke, hakuna mwingine wa kusimamia, miaka miwili si mingi, Nora mwenyewe yuko bweni, likizo nitakuja. Sikumpa hata nafasi ya kupumua. Mwisho nikamuuliza — mimi, Mungu wangu, mimi! —

"Umeelewa lakini?"

"Ndiyo, madam."

Akakata.

Tangu Nora azaliwe hajawahi kuniita hivyo. Mimi ni Mama Nora.

Kiazi nimekimega mwenyewe, kipande kikubwa nimechukua, halafu nikamwambia mwenzangu nusu kwa nusu. Na jibu lile nalijua. Nimelipigia kelele chuo kizima: ukilisikia, usiendelee na somo. Hawajaelewa, au wameelewa jambo wasiloweza kukwambia. Rudi. Kaa nao.

Nimepiga tena. Simu nimeiweka mezani, kwenye spika, naandika huku inaita. Akipokea, nisimweleze chochote. Nimuulize.

Inaita.