Mashine ya Mume wa Bi Mwanaisha

Jumanne, Chokocho

Mashine ya boti nimeipata, Kengeja, kwa mjane aitwaye Bi Mwanaisha. Kuukuu lakini nzima. Tuliitia kwenye pipa la maji, nikavuta kamba mara mbili, ikawaka. Nikalipa kwa furaha.

Bi Mwanaisha aliisikiliza mpaka nilipoizima. “Boti waliikuta mkondoni ikizunguka peke yake, mashine inanguruma,” akanambia. “Mume wangu hayumo.”

“Mbona hukunambia mwanzo, bi?”

“Ungeinunua, mwanangu?”

Akaniomba jambo moja tu: nikifika mkondo ule niizime, nimwite mumewe kwa jina, maana mpaka leo hawajamzika.

Nimekubali. Mke wangu sijamwambia. Kesho alfajiri natoka nayo, na kuita nitaita. Ninachoogopa ni kuitikiwa.