Jaketi la Klabu Kwenye Kiti cha Baba

Jirani wa mlango wa pili anaapa kwamba umerudi, Baba. Alikuja kurudisha sufuria, akachungulia chumbani kwa Mama, akatoka mbio na sufuria yetu bado mkononi. "Nimemwona kwa macho yangu haya! Kakaa kwenye kiti chake, kifua mbele, na kanenepa!"

"Kanenepa?" Mama akamuuliza. "Afadhali, basi huko wanamlisha."

Hukuwa wewe. Lilikuwa lile jaketi la kuelea, la klabu, ulilolivika mgongo wa kiti kwa mikono yako. Mwaka mzima umepita tangu ututoke, na bado liko palepale.

Wengi wanaosoma kumbukumbu hii walikuita Fundi Pumzi, mtunza vifaa wa klabu ya wazamiaji. Sisi wa nyumbani tulikujua kwa harufu ya mpira uliolowa. Wenzetu walianika mashuka. Sisi tulianika nguo za kuzamia, nyeusi tii, mikono inaning'inia, mpaka wapita njia wakawa wanavuka barabara.

Pipa la kuoshea vifaa vilivyotoka baharini lilikaa jikoni kwetu, maana stoo ya klabu haina bomba. Siku wakwe wa dada walipokuja mara ya kwanza, Mama kwa haraka zake alichota maji ya chai humo humo. Wakwe wa watu wakanywa chai ya chumvi mpaka tone la mwisho, kwa heshima. Wewe ulionja, ukamtazama Mama, ukaomba kikombe cha pili. "Mke wangu hajawahi kupika chai kama hii," ukasema, na wala hukusema uongo.

Ulikuwa mpole kwa watu, mkali kwa vifaa. Hukumkabidhi mtu kipumulio kabla hujakivuta kwa mdomo wako mwenyewe. Hata mwenyekiti wa klabu ulimnyima mtungi wa hewa uliopitisha muda wa kupimwa.

"Mbizi moja tu, Fundi," akakubembeleza.

"Na mimi nina mwenyekiti mmoja tu," ukamjibu, ukafunga stoo.

Cha klabu kinalala stoo. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yako. Ulisema kikiibwa stoo bima italipa, kikiibwa uvunguni kwa mtu bima itampa pole. Ulikuwa radhi kutoka nje mvua ikinyesha kufuata mapezi ya miguuni ambayo mtu ameyasahau kwenye gari lake, ukarudi umelowa chepechepe, unaimba.

Jaketi lile tu ulikuja nalo lilale nyumbani, usiku mmoja, kwa sababu ulilishuku kuvuja. Dawa yako ilikuwa moja: unalipuliza kwa mdomo mpaka likaze, unaliacha, kesho yake unalibonyeza. Jioni ile ulilipuliza mashavu yamekutuna, binti yako wa mwisho akakucheka.

"Baba, utapasuka!"

"Kesho utalibonyeza wewe," ukamwambia huku unahema. "Si unajifanya fundi?"

Asubuhi hukuamka. Moyo wako ulikuwa umesimama usingizini. Hakuna aliyelikumbuka jaketi mpaka waombolezaji walipoondoka. Hapo binti yako akaingia chumbani peke yake, akalibonyeza kama ulivyomwambia. Lilikuwa limekaza vilevile. Halivuji, Baba. Hakupata wa kumwambia, ndiyo anakwambia leo.

Tangu siku hiyo Mama haruhusu liguswe. Limenywea mabegani, lakini halijaisha. Hulipangusa vumbi kwa kitambaa laini, polepole, kama anayemfuta mtoto uso.

Sasa bima ya klabu inataka kuanza upya. Mkaguzi anakuja wiki hii, na anataka kukuta kila kifaa stoo, kimepimwa. Kikikosekana kimoja, hatii saini, na bila bima hakuna mzamiaji atakayeingia majini. Jaketi haliwezi kupimwa mpaka hewa yote itolewe.

Mwenyekiti alikuja mwenyewe juzi, kofia mkononi. "Shemeji, tunaliomba lile jaketi. Unajua ni la klabu."

"Jaketi ni la klabu, shemeji," Mama akasema. "Pumzi iliyomo si ya klabu."

Mwenyekiti akavaa kofia yake, akaaga, chai hajaigusa.

Tunajua ungesema nini, Baba. Ndiyo maana hatukuulizi.

Leo asubuhi binti yako, ambaye siku hizi ndiye anayeosha vifaa vyako, alikwenda kukaa kitandani karibu na Mama, kiti kikiwa mbele yao.

"Mama, mimi nitalishika, wewe utafungua vali hii ya kutolea hewa. Utaweka shavu lako hapa, tuiache pumzi ya Baba itoke taratibu. Haitakwenda kwa mtu mwingine. Utaruhusu?"

Mama ameukamata mkanda wa jaketi kwa mikono yote miwili. Mpaka tunaandika haya, hajajibu.

Unakumbukwa na mkeo mpenzi, mwanao mkubwa aliye fundi bomba na mkewe, binti yako mshonaji na mumewe, binti yako wa mwisho, wajukuu wako watatu, shemeji zako, na wanaklabu wote uliowapa hewa iliyo salama.

Hutatutoka moyoni, Baba, siku zote za maisha yetu.