Udongo wa Kona Iliyopasuka

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, na mfikishie Mama ya kwake kabla hajalalamika kwamba namsahau. Goti lako linaendeleaje? Dada ameniambia umeanza kutembea bila fimbo. Nimefurahi, ingawa dada namjua, habari njema haziachi bila chumvi. Mimi ni mzima, na leo nina mengi.

Nilipokueleza kwamba nimeajiriwa kwenye maabara ya udongo, ulicheka ukauliza kama udongo nao huugua. Basi, mwezi uliopita tuliletewa udongo wa kiwanja panapojengwa wodi ya wazazi. Mhandisi wetu alitaka kujua ardhi itatitia kiasi gani chini ya jengo. Kipimo kamili huchukua wiki mbili, kwa kuwa kipande cha udongo hukandamizwa kwa uzito unaoongezwa kidogo kidogo, siku baada ya siku. Mkandarasi akasema hana wiki mbili, keshokutwa anamwaga zege.

Nikamwambia mhandisi kwamba vipimo vyepesi vinaweza kutupa makadirio. Alinitazama, akasema nijaribu. Niliukanda udongo kwa maji, nikaupaka kwenye kikombe cha shaba, nikachora mfereji katikati, kisha nikakigongesha kikombe nikihesabu mapigo hadi mfereji ujifunge. Nikaupima uzito, nikaukausha kwenye tanuri, nikaupima tena. Udongo unaobeba maji mengi kabla ya kulegea kama uji ndio unaobonyea zaidi ukitwishwa mzigo. Nilirudia hesabu mara tatu, na jibu likawa lile lile: sentimita kumi na tatu, nyingi mno kwa msingi ule. Mkandarasi akasema kikombe na maji ni mchezo wa watoto. Mhandisi akamjibu taratibu, "Basi mchezo huu umekusimamisha. Tutangoja kipimo kamili."

Kipimo kamili kilitoa kumi na mbili. Msingi ukabadilishwa. Mkandarasi alikuja mwenyewe kunipa mkono, na siku hizi ananiita Mama Udongo. Siku ile, Baba, nilitembea kana kwamba barabara ni yangu.

Sasa nikuambie kilichonikalisha kuandika. Likizo iliyopita, nilipoaga kwamba naenda kwa shangazi, sikwenda. Nilikwenda kwenye ile shule uliyoijenga. Nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa, nikachimba kando ya kona iliyopasuka mwaka wa kwanza tu, watu wakasema fundi kaiba saruji. Upande mmoja wa jengo nilikuta mwamba kwa kina cha mita moja. Kwenye kona nilikuta mita nne za udongo wa mfinyanzi, laini kuliko ule wa wodi. Kona ilizama, kwingine kukabaki palepale. Tena ufa umekata matofali katikati, huku saruji yako ikiwa bado imeyang'ang'ania. Hata ungeitia maradufu, ukuta ule ungepasuka. Ulionyeshwa pa kujenga, hakuna aliyepapima.

Mhandisi ameikagua hesabu yangu na kutia saini. Mwalimu mkuu ataisoma mbele ya wazazi Jumamosi ya tarehe ishirini, na anakuomba ufike.

Lakini lipo neno zito zaidi. Miaka yote ile, nami niliamini. Nilipokuwa darasa la tano wenzangu waliniuliza kama fundi yule ni baba yangu, nikasema ni jirani. Wewe uliweka mwiko chini, ukaenda kulinda ghala la watu ili mimi nisome, nami niliona haya kukutambulisha. Na sikwenda kuchimba ili nikutetee. Nilikwenda kutazama kama ni kweli. Nisamehe, Baba. Udongo ulikuwa upande wako kabla yangu.

Nimeshaomba ruhusa kazini. Nitafika Ijumaa, na asubuhi yake tutaingia shuleni pamoja, nimekushika mkono.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na Mama asijisumbue kupika makubwa.

Ni mimi binti yako,
fundi kama wewe.