Kuta za Mgahawa wa Restituta

Jumatatu, 1 Juni 1992
Kuta tatu zimekamilika. Wa nne kesho. Lubugo, kitambaa cha gome la mti, kimekaa vema: rangi ya udongo uliochomwa, mishono imenyooka, hakuna mkunjo. Nimepima kila kipande mara mbili. Watawala wa kale wa Karagwe walikivaa. Sioni sababu ya mgahawa wa dada yangu kupakwa rangi ya dukani. Restituta amefunga kibanda chake cha chai kwa ajili ya chumba hiki. Wateja wasipokuja, atarudi kulima kwa shemeji zake. Hataki. Nami sitaki.

Jumatano, 3 Juni
Ukuta wa nne tayari. Nimeridhika.

Ijumaa, 5 Juni
Siku ya soko hapa Nkwenda. Tumefungua. Ndizi, maharage, nyama ya mbuzi. Watu waliingia, wakatazama kuta, wakatoka. Wawili waliomba kulia uani, wamesimama. Nilidhani ni moshi, nikakagua jiko. Halina kasoro. Kisha Mzee Balthazari, mchuuzi wa kahawa, alisimama mlangoni, akavua kofia, akaniuliza kwa sauti ya chini:
"Mwalimu, nani amelala humu?"
Hakuwa anatania.

Jumamosi, 6 Juni
Nimefedheheka. Nilisoma habari za mavazi ya watawala, nikasahau maziko ya baba. Tulimfunga kwa lubugo. Pembe moja niliishika mimi. Siku hizi kwetu kitambaa hicho kimebaki na kazi hiyo tu. Nimewaalika watu wale chakula ndani ya sanda.
Nimemwambia Restituta. Alicheka, akalia, kisha akaenda kuazima ngazi.

Jumatatu, 8 Juni
Kuta ziko wazi. Nimemwita Mama Adelina, jirani yetu, msusi wa mikeka. Nilimwonyesha michoro yangu. Hakuitazama sana. Alisema mgeni anayekaribishwa hutazama kwanza chini: nyasi mbichi zimetandikwa au hazikutandikwa. Kuhusu mikeka ya kutundika ukutani badala ya lubugo, amenisahihisha vipimo. Ianzie pale mgongo wa aliyeketi unapoegemea. Mimi nilikuwa nimepima kwa jicho la aliyesimama. Kosa la msingi. Nimelikubali.
Ujira wake ni lubugo mbili, aziweke kwa siku yake.
"Nawe jiwekee moja, Mwalimu. Ujana umekwisha."

Alhamisi, 11 Juni
Mikeka sita, nyeusi na nyeupe. Matete juu ya dirisha. Nyasi zitakatwa alfajiri. Nina hofu.

Ijumaa, 12 Juni
Mzee Balthazari amekuja. Alisita mlangoni, akakanyaga nyasi, akaketi, akaegemea mkeka. Amekula ndizi zote na kuomba mchuzi zaidi. Kuta hakuzitazama hata mara moja. Baada yake wameingia wengine. Mchana meza moja tu ilikuwa tupu.
Restituta amenituma maji kisimani, bila kuniangalia, kama anavyomtuma mtu yeyote wa kazini. Nimekwenda.