Mjomba Anatakiwa Makote

Makote, Newala
Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute miguu imetulia na mtama umeshaingia ghalani. Mimi mwanao Hamisi ni mzima, tena sasa ni mume wa mtu. Leo ni asubuhi ya pili naamka namkuta Somoe anafagia uwanja, nami nasimama mlangoni kama mtu aliyesahau alichotaka kufanya. Ananiuliza kama wanaume wote wa Singida hutazama ufagio namna hiyo. Mama, nampenda mpaka naona haya kukuandikia.

Lakini ndoa hii ilikaribia kuvunjika, na kilichoiokoa ni jambo nililolifanya bila ruhusa yako. Nisikilize kwanza, ndipo ukasirike.

Unakumbuka tulivyopanga. Baba Mdogo aliandika barua ya posa kwa Baba Somoe, na mshenga wangu, karani mwenzangu kwenye ghala la korosho Masasi, akaipeleka. Baba Somoe aliipokea kwa mikono miwili, akanyamaza. Sisi tukaona amekubali. Tukachagua Ijumaa, tukaalika watu, mchele ukapandishwa mlima kutoka Masasi, Somoe akawekwa ndani na kungwi wake. Kumbe huku mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Kila mtu alijua isipokuwa mimi. Baba Somoe aliona aibu kunirudishia barua.

Jumatatu ya wiki ya harusi mjomba wa Somoe alifika kutoka Nanganga. Barua ikawekwa mkekani mbele yake. Hakuigusa.

"Imeandikwa kwa nani?"

"Kwangu, shemeji," alijibu Baba Somoe.

"Ahaa. Siku hizi jogoo naye anaatamia."

Watu wakacheka. Baba Somoe naye akacheka, macho chini, kisha akaninong'oneza, "Mwanangu, hata mimi hapa nilikuja kuoa tu, kama wewe."

Mzee akanigeukia. "Na wewe kijana, umedondoka kwenye mkorosho? Mjomba wako yuko wapi?"

Nilitaka kusema sina. Ulimi ukakataa. "Yuko Morogoro."

"Aje. Akifika kabla ya swala ya Ijumaa, tutazungumza. Asipofika, wageni wale wali wao waende, na Somoe narudi naye Nanganga."

Mama, najua ulitukataza kulitaja jina la Mjomba Salimu tangu alipokosa mazishi ya Bibi. Miaka yote hii sijalitaja. Siku hiyo nilishuka Masasi nikampelekea simu ya maandishi: Njoo Makote kabla ya Ijumaa, mjomba anatakiwa. Hata salamu sikuweka.

Jumatano basi lilifika bila yeye. Alhamisi mvua ilikata barabara na basi halikupanda kabisa. Jioni hiyo kungwi alinipitia akasema, "Mwenzio anasema hata akipelekwa Nanganga, yeye ni wako." Nilikwenda nyuma ya kisima cha maji ya mvua, nikalia.

Ijumaa asubuhi wanawake walibandika masufuria, maana wageni walikuwa wameshajaa. Mzee wa Nanganga alikuwa amefunga mzigo wake. Ndipo nikamwona Mjomba Salimu njiani, viatu mkononi, tope hadi magotini. Lori lililomleta lilikwama chini ya mlima, akapanda kwa miguu.

Hawakumpa hata maji kwanza. Mzee alimkaribisha mkekani akamuuliza, "Huyu ni nani wako?"

"Mtoto wa dada yangu."

"Dada yako hajambo?"

Ilikuwa salamu tu, Mama. Mjomba akainamisha kichwa. "Sijui. Hatusemezani. Sikufika kumzika mama yetu. Nilikata tiketi, nikafika stesheni, nikarudi. Niliogopa kumwona amefunikwa."

Nikajua nimemkosa Somoe.

"Usiyesemezana na dada yako," mzee akasema, "utamsemeaje mwanawe?"

"Nikitoka hapa nakwenda kwake."

"Akikufukuza?"

"Nitakuwa nimefukuzwa na dada yangu. Ni haki yake."

Mzee akanyoosha mkono akaichukua barua ya posa. "Mleteeni shemeji yangu maji anawe tope," akasema. "Ana ndoa ya kusimamia." Tulifunga ndoa baada ya swala.

Nisalimie Baba Mdogo, na umwambie barua yake ilikuwa nzuri, ila ilikosea mlango. Msalimie dada yangu Zuhura na wanawe, na bibi jirani aliyenipa kuku wa safari. Mkweo Somoe anakuamkia shikamoo. Ameniuliza mara tatu unapenda chai ya namna gani.

Mama, barua hii haikupitia posta. Aliyekukabidhi nilimwomba asiketi mpaka wewe umkaribishe. Miguu yake imevimba kwa ule mlima.

Mwanao akupendaye,
Hamisi