Mbolea Nyeusi ya Mwalimu Laban

Kwako Bi Shekha,

Shikamoo mama, nisaidie mwanao maana nimebanwa na sijui pa kutokea. Mimi ni kibarua katika chuo kimoja cha ualimu huku Kilifi, kazi yangu ni kuchambua taka, maganda na makombo nayapeleka shimoni yaoze yawe mbolea, chupa na mikebe naweka kando, na betri za redio zilizokwisha nazifungia kwenye debe kwa sababu mwalimu wa sayansi alinionya kwamba unga wake ni sumu, na miaka miwili hii wananiita Kadzo wa Jaa, nikavumilia. Sasa mwezi wa tatu wakaja wageni kutoka wizarani kuiona mbolea, ambayo Mwalimu Laban wa kilimo alishawaandikia kuwa ni yake, na ilikuwa haijaiva, maganda ya ndizi bado yanaonekana, akaniambia, "Kadzo, mbolea nzuri ni nyeusi, lete lile debe," tukazivunja betri kwa nyundo mimi na yeye, tukachanganya ule unga mle shimoni, wageni wakaishika wakasifu, picha zikapigwa, mimi nikaambiwa nikae nyuma ya jiko. Mbolea hiyo ndiyo iliyowekwa kwenye matuta ya mchicha, unapikwa kila siku, na Nduku mpishi, rafiki yangu wa pekee pale, ana mimba ya miezi sita na kila jioni anabeba fungu lake akinishukuru. Nilipomwambia Mwalimu kuhusu sumu alijibu, "Ukinyamaza, Julai utaandikwa kazi ya kudumu. Usiponyamaza, wachambuzi wa taka wako wengi." Mama, nina watoto wanne na baba yao yuko Kaloleni analewa mnazi, nyumbani kwangu mchicha ule hauingii lakini mdomo umekuwa mzito, nifanye nini?

Kadzo

(Majina yamebadilishwa.)

Marahaba, Kadzo. Pole, na nakupa pole kwa moyo, maana kufanya kazi miaka miwili kisha mwengine akapigwa picha nayo kunauma. Huyo mwalimu hana haya hata kidogo.

Lakini pole yangu inakomea hapo. Mboga hiyo kwako haiingii, kwa hivyo unajua vizuri. Wako umewakinga, wa Nduku umemwachia Mungu? Hapana, mama. Hujabanwa, umechagua, na umechagua vibaya.

Asubuhi ingia bustanini na jembe, ng'oa mchicha wote uuchimbie mbali na kisima, na mbuzi wasiufikie. Kisha nenda kwa mkuu wa chuo pamoja na yule mwalimu wa sayansi. Anza na nyundo uliyoishika wewe, ndipo umtaje Laban. Kazi huenda ukaikosa. Sitakudanganya: Laban anaweza kubaki na cheo chake na picha zake, nawe ukarudi kijijini kulima kwa watu. Itakuuma, na bado utakuwa umefanya lililokupasa.

Hayo ni ya kesho. Leo, gazeti likiwa bado mkononi, nenda kwa Nduku. Usimwambie "nasikia," usimwambie "watu wanasema." Mwambie ulijua tangu fungu la kwanza, kisha umpeleke kliniki. Akikutukana njiani, usijitetee.