Sneha Amemchora Mgonjwa Wangu

Koleta, nimetoka wodini sasa hivi. Wivu utaniua.

Unamkumbuka Mzee Lugembe wa Ipole, yule mfuga nyuki aliyekataa kukatwa mguu? Mimi ndiye niliyemsafisha kidonda wiki nzima huku nikimbembeleza. Wapi!

Leo mwalimu katutuma wanafunzi wa udaktari tuchore wagonjwa na kuandika habari zao. Sneha akakaa naye mchana mmoja tu. MMOJA!

Akamchora yuko juu ya mti, anatundika mzinga. Mzee akalia. Akamwambia, "Binti yangu, naogopa sitapanda tena." Mimi hajawahi kuniambia hivyo. Mimi, Koleta!

Sneha akamuuliza, "Sasa nani atakutundikia?"

"Labda mwanangu Ngassa. Nitamwelekeza nikiwa chini."

Halafu akakubali upasuaji. Hivyo tu!

Wanafunzi wenzetu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, roho inaniuma. Nimefurahi atapona, lakini kwa nini awe Sneha?

Walipoondoka nikachukua penseli, nikamwomba na mimi nimchore. Akaitazama picha yangu weee.

"Daktari," akasema, "huyu ni nani?"